Taarifa zipo, mwanafunzi haambiwi
Linaloniudhi ni kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake, bila malipo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza swali kwa swali mahali wengi walipokosea na sababu zake, lakini mimi nilimaliza kidato cha nne bila mwalimu yeyote kunitajia kuwa zipo. Badala yake tulichangishana fedha za kununua vijitabu vya majibu kwenye vibanda vya fotokopi, vyenye kurasa zilizofifia na hesabu zilizokosewa (kanuni moja yenye kosa niliikariri muhula mzima). Kompyuta shuleni zilikuwepo, zimefungiwa katika chumba ambacho wanafunzi hatukuruhusiwa kuingia. Kwa nini basi taarifa hizo zisichapishwe zikabandikwa ubaoni?