Usimsajili Usiyekusudia Kumfundisha

Mpwa wangu ana miaka kumi na saba na anakaribia mita mbili. Kwa dada yangu kule Temeke hupita kila mlango akiwa ameinama. Jioni utamkuta JMK Park, Kidongo Chekundu, akirusha mpira kikapuni hadi giza limfukuze. Mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, mtu aliyejiita wakala alinipigia simu. Alitaka kumpeleka Marekani: mwaka mmoja katika shule ya sekondari ya huko, kisha chuo kikuu, kisha "tutaona Mungu atakavyojalia". Nikamuuliza habari za masomo, maana hesabu za kijana zilikuwa zinasuasua. Akacheka.

"Mjomba, masomo yatatafutiwa njia. Urefu ndio hautafutiwi njia."

Ninajua ujasiri huo anautoa wapi. Mji huu haujamsahau Hasheem Thabeet, kijana wa hapa hapa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, aliyeanza basketi akiwa tayari amebalehe. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, akacheza misimu mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Tangu hapo, kila mama mwenye mtoto mrefu ameshaambiwa na jirani kwamba nyumbani kwake kuna Thabeet mwingine.

Hesabu yenyewe ni hii. Ngazi ya juu ya basketi ya wanaume vyuoni Marekani ina timu zaidi ya 350. Kwa miaka mingi kila timu iliruhusiwa kutoa ufadhili kwa wachezaji 13. Hao ni zaidi ya 4,500 kwa wakati mmoja. NBA kila mwaka huchagua majina yasiyozidi 60, na baadhi hutoka Ulaya bila hata kupita chuoni. Kwa hiyo wengi mno kati ya vijana hao watakula kwa walichokipata darasani, kama walikipata.

Watu hupenda kulizungumza jambo hili kama mizani ya muuza sukari: kipaji upande huu, masomo upande ule, kocha mwenye busara asawazishe. Mimi naona mizani hiyo imewekwa mahali pasipostahili. Sina ugomvi na chuo kinachomchukua kijana kwa sababu ya mikono yake hata kama alama zake ziko chini ya za wenzake. Vyuo vya Marekani vimekuwa vikiwapa nafasi watoto kwa sababu tu baba zao walisoma pale, na kijana wa basketi angalau kipaji ni chake mwenyewe. Ugomvi wangu unaanza baada ya mlango kufunguliwa. Umemchukua ukijua hawezi kusoma kama wenzake. Sasa unamfanyia nini?

Chukua kisa cha Kevin Ross, mchezaji wa basketi aliyesajiliwa na Chuo Kikuu cha Creighton, Omaha, mwaka 1978. Katika mtihani wa kujiunga alipata alama 9 kati ya 36, wakati wastani wa wenzake wa mwaka ule ulikuwa 23. Chuo kilijua. Kikamwandikisha masomo kama kulenga shabaha na nadharia ya mpira wa kikapu, mwaka baada ya mwaka, ilimradi abaki na sifa za kucheza. Alipoondoka mwaka 1982 hakuwa na shahada, na uwezo wake wa kusoma ulikuwa wa mtoto wa darasa la saba. Akaenda Chicago, akaingia shule ya watoto ya Westside Preparatory, mtu mzima mwenye mwili wa mchezaji, akakaa darasani na watoto kujifunza upya. Baadaye akakishtaki chuo. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilikataa kusema kwamba chuo kinaweza kushtakiwa kwa kufundisha vibaya, lakini ikaacha mlango mwembamba: kama chuo kilimwahidi msaada wa masomo kisha hakikumpa kabisa, hilo ni suala la mkataba. Mlango huo mwembamba nauona una haki nyingi kuliko vitabu vyote vya kanuni vilivyotungwa tangu Ross aondoke chuoni.

Maana kanuni hizo zilimkaba kijana. Kuanzia 1986 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilitaka mchezaji mpya awe na wastani wa 2.0 katika masomo 11 ya msingi na alama 700 katika SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo, la sivyo asicheze mwaka wa kwanza. Januari 1989 kikapiga kura kwenda mbali zaidi: aliyepungukiwa asipewe hata ufadhili. Kwa mtoto wa maskini, kunyimwa ufadhili ni sawa na kuambiwa usije kabisa. John Thompson, kocha wa basketi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, mtu mweusi wa futi sita na inchi kumi, tarehe 14 mwezi huo aliingia uwanjani kabla ya mchezo na Boston College, kisha akatoka na kuiachia timu yake icheze bila yeye. Hoja yake ilikuwa kwamba mitihani ile inawapima watoto wa shule duni kwa vitu ambavyo shule zao hazikuwafundisha, na kwamba sasa wananyimwa hata nafasi ya kufundishwa. Kanuni ile ililegezwa mwaka uliofuata. Sharti la mitihani ya aina hiyo lenyewe lilikuja kufutwa moja kwa moja mwaka 2023.

Ingekuwa rahisi kumwona Thompson kama kocha aliyetaka kulinda wachezaji wake wazuri. Ila angalia alichokuwa akikifanya nyumbani kwake. Ofisini aliweka mpira uliotoka upepo ili kijana akumbuke kwamba siku moja mpira wake nao utaisha upepo. Na mwaka 1987 pale Georgetown aliingia kijana kutoka Kinshasa aliyetaka kuwa daktari wa binadamu, Dikembe Mutombo. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu. Alikuwa akijifunza Kiingereza. Mwaka 1991 akahitimu kwa masomo ya isimu na diplomasia, kisha akaenda kuzuia mipira NBA kwa miaka kumi na minane. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa 2007. Alifariki Septemba 2024. Kiswahili pia alikuwa nacho kati ya lugha zake nyingi.

Nimekitaja Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu kuna chuo kingine kilichokitumia vibaya, na hapa mtanivumilia nikiongea kwa uchungu.

Mwaka 2014 ilitoka ripoti ya uchunguzi juu ya Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, moja ya majina makubwa kabisa katika basketi. Kuanzia 1993 hadi 2011, idara ya masomo ya Afrika ilikuwa na madarasa yasiyokutana. Hakuna kipindi, hakuna mwalimu mbele. Mwanafunzi aliwasilisha insha moja, karani wa idara akaisahihisha kwa mkono mkunjufu, na alama nzuri ikaingia kwenye rekodi. Zaidi ya wanafunzi 3,000 walipitia humo, karibu nusu yao wanamichezo, wa basketi wakiwemo. Na Kiswahili kilikuwemo pia. Chuo kilidai kila mwanafunzi asome lugha ya kigeni. Baadhi ya waliokwama kwenye Kiswahili cha ngazi ya tatu wakaruhusiwa kuandika insha kwa Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili, ikahesabika kwamba lugha wameisoma.

Niliwahi kufundisha Kiswahili kwa wageni kwa miaka michache. Alikuwepo kijana mmoja wa Kimarekani, pande la mtu, ambaye kwenye ngeli alitoka jasho kuliko uwanjani. Wiki nzima tulikuwa kwenye "kiti changu, viti vyangu, mti wangu, miti yangu". Wiki ya pili akanipigia simu usiku kuniambia kwamba amemwomba muuza chipsi "sahani yangu" na muuzaji hakucheka. Lugha hii inafundishika, na mwenye misuli anaiweza kama mwenye miwani. Wale wa North Carolina hawakushindwa na Kiswahili. Waliokuwa na kazi ya kuwafundisha ndio waliona hakuna haja, wakachagua lugha ambayo walidhani hakuna mtu atakayeuliza.

Adhabu? Oktoba 2017 NCAA kilisema hakiwezi kukitia chuo hatiani kwa udanganyifu wa masomo, kwa kuwa madarasa yale yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, wasio wanamichezo pia. Miaka minne kabla yake, Connecticut, timu ya zamani ya Thabeet, ilizuiwa kucheza mashindano ya taifa ya 2013 kwa sababu ya kipimo kinachohesabu wachezaji wangapi wamebaki chuoni na wana alama za kutosha. Ilirudi 2014 na kutwaa ubingwa. Mimi huona mafunzo yanayochekesha hapo: timu ambayo upungufu wake ulionekana kwenye takwimu ilifungiwa, na chuo ambacho rekodi zake zilijaa alama za bure kilisalimika. Ukipima kufaulu pekee, utazalishiwa kufaulu. Wenye viwanda vya vyeti wanalijua hilo kuliko mimi.

Watatokea wa kuniambia, mbona Princeton? Ni kweli, Princeton ni kimoja cha vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vyenye hadhi ambavyo havitoi ufadhili wa michezo, na bado katika mashindano ya taifa iliwatoa UCLA, mabingwa watetezi, 43 kwa 41 mwaka 1996, na 2023 ikafika kumi na sita bora. Ninawapenda. Lakini wao huchagua kijana aliyekwisha kufundishwa vizuri na shule nzuri, kwa hiyo hawana la kutueleza kuhusu kijana wa Temeke.

Sasa hivi pesa imeingia wazi. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura yake, na baada ya makubaliano ya mahakamani ya Juni 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Mchezaji anaweza pia kuhama kila mwaka bila kukaa benchi, mradi alama zake zinaruhusu. Nafurahi wanalipwa, walinyonywa muda mrefu. Ila kijana aliyepita vyuo vinne kwa miaka minne ana masomo yaliyokatikakatika, maana si kila alichosoma huku kinatambuliwa kule. Na kijana wetu anakwenda na viza ya mwanafunzi, inayombana sana kuhusu kazi na malipo. Anaweza kuvaa jezi pamoja na mwenzake mwenye mkataba mnono, yeye akiwa hana anachoruhusiwa kuondoka nacho isipokuwa elimu. Kwake yeye shahada ndiyo mshahara. Akinyimwa kufundishwa, amefanya kazi bure.

Najua kuna Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyelelewa Kawempe, Kampala, akaenda Chuo Kikuu cha Duke kwa mwaka mmoja na kuchaguliwa wa kumi na NBA mwaka 2025. Mwaka mmoja ulimtosha. Mungu amzidishie.

Nilimwandikia wakala ujumbe. Nilimwomba jina la shule na la chuo, masomo atakayosoma kijana, na jina la mtu atakayemsaidia hesabu. Nikamwuliza pia ni wachezaji wangapi wa chuo hicho walioondoka na shahada, maana takwimu hizo NCAA huzitangaza kila mwaka na yeye anayeishi kwa biashara hiyo hawezi kuzikosa. Nikamwambia alama dhaifu za mpwa wangu simfichi mtu. Atakayemtaka amchukue nazo, na aseme atazifanyia nini.

Tiki mbili za bluu zilionekana siku ile ile. Huu ni mwezi wa tano bila jibu.

Kijana sasa yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Jumamosi asubuhi huja kwangu kabla ya mazoezi, anaegesha mpira chini ya meza na kufungua daftari la hesabu. Juzi tulikuwa kwenye mteremko wa mstari. Alikosea mara mbili, akanyamaza, akachora mpira unaotoka mkononi mwake kwenda kikapuni, akaniuliza kama na huo una mteremko. Nikamwambia huo unapinda, mteremko wake hubadilika kila mahali, na hilo ni somo la mbele kidogo. Akataka tulianze saa ile ile.