Tusiishie kuhesabu miche ya michikichi

Tangu Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipokuja Kigoma mwaka 2018 kuhimiza ufufuaji wa zao la michikichi, tumezoea kusikia hesabu ya miche. Mbegu zinazalishwa Kihinga, kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), miche inagawiwa, taarifa inasomwa mbele ya viongozi. Kazi hiyo naiheshimu sana. Tenera, aina ya mchikichi inayopatikana kwa kuchanganya aina mbili nyingine, Dura na Pisifera, ina nyama nene na ganda jembamba, na inatoa mawese mengi kuliko Dura waliyotuachia wazee.

Lakini mche uliogawiwa bado si mchikichi. Unataka miaka kama mitatu ndipo uanze kuzaa, halafu ukae shambani miaka 25 hivi. Bajeti ya serikali inaanza Julai na kuisha Juni. Mradi unaweza kufungwa na ripoti ikapokewa vizuri kabisa, mkulima wa Simbo hajachuma hata tunda. Nani atarudi kuuliza mingapi ilishika na mingapi ilikufa kiangazi?

Tena kuna hili la mbegu. Ukiokota mbegu chini ya Tenera ukazipanda, hupati Tenera tupu. Ikiwa imechavushwa na Tenera mwenzake, karibu nusu itakuwa Tenera, robo Dura na robo Pisifera, ambayo mara nyingi haizai matunda ya maana. Jirani akiona shamba lako limependeza ataomba mbegu, nawe utampa, ndivyo tunavyoishi huku. Miaka minne baadaye atasema watafiti wametudanganya, na ripoti ya mradi haitakuwa na habari zake.

Marekani inapeleka fedha za serikali kuu kwenye vituo vya utafiti vya majimbo tangu Sheria ya Hatch ya mwaka 1887, na wizara yao ya kilimo ina kumbukumbu ya miradi ambayo raia anaweza kuifungua na kuisoma. Sisi tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Nzuri, ila sioni bibi wa Mwandiga akipanda daladala kwenda kuandika barua ya kuomba ripoti ya utafiti.

Mkutano mkuu wa kijiji tunao tayari, na mapato na matumizi yanasomwa pale. Mradi wenye shamba la majaribio kijijini nao usomwe palepale, na ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe ofisini: nani anausimamia, fedha kiasi gani na za nani, ulianza lini, unaisha lini, nini kimeonekana. Na nini kimeshindikana! Hilo ndilo ningelisoma kwanza, maana mbinu iliyoshindwa kwenye udongo wetu inamwokoa mkulima mwingine asipoteze miaka yake.

Mafuta ya pikipiki ya afisa ugani kwa mwaka wa tano yatengwe tangu mradi unapoandikwa. Aende na orodha ileile ya waliopewa miche, shamba kwa shamba, ahesabu iliyo hai.