Dereva wa Watasema

Hapa Busia, upande wa Uganda, sijui kitu ambacho pikipiki haijawahi kukibeba. Mbuzi hupita wamelazwa mapajani mwa abiria, kuku hupita wakining'inia kwenye usukani vichwa chini miguu juu, vitanda hupita, milango ya chuma hupita, na hata jeneza hupita likiwa limekazwa kwa mipira nyuma ya dereva, na wazee walioketi barazani hawakatishi mazungumzo yao. Lakini nikipita mimi na mbwa wangu, mbwa mmoja tu, mzima, aliyechanjwa, aliyekaa kwa adabu juu ya tangi la petroli, shughuli za mji husimama. Muuza roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai, huacha mayai yakaungua, watoto hutimua mbio nyuma yetu wakipiga kelele, na madereva wa malori waliopanga foleni ya kuelekea mpakani hutoa simu zao dirishani kutupiga picha. Kosa letu ni moja: mbuzi hubebwa, ilhali mbwa wangu husafiri. Hukaa wima, kifua mbele, macho barabarani, na mtu asiyetujua angedhani kwamba chombo ni chake na mimi ni kijana aliyeajiriwa kumwendesha.

Siku hizi sina hakika kwamba mtu huyo angekosea.

Jina lake ni Watasema. Nilimpa jina hilo kwa sababu za ujirani ambazo hazihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kupanga chumba katika nyumba ya vyumba vilivyofuatana na bomba moja la maji. Kila nikimwita jioni, kuna dirisha fulani ambalo hufungwa kwa kishindo, nami sishangai.

Nilimpata kwa askari mmoja aliyekuwa akihamishwa kutoka kambi ya jeshi upande wa Tororo, ambaye alimlea kwa Kiswahili kitupu, kwa amri fupi na sauti ya gwaride. Kwa hiyo mke wangu anaweza kumbembeleza kwa Kisamia, akamsihi kwa Kiganda na kumtisha kwa Kiingereza, na mbwa akabaki amelala mlangoni palepale panapopitwa na kila mtu, akiambiwa "Ondoka!" ndipo anapoinuka, anajinyoosha, na kuhamia hatua mbili pembeni. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, niliisikia habari hiyo redioni nikamtazama mbwa, naye hakushtuka hata kidogo, kwa sababu kwa hesabu zake serikali ndiyo kwanza ilikuwa imemfikia alipo.

Pikipiki yenyewe ni Bajaj Boxer, kama zilivyo nyingi za hapa, na bomba lake la moshi liko upande wa kulia, mahali ambapo abiria wengi wa nchi hii walipatia makovu yao ya miguuni. Watasema alilinusa bomba hilo siku za mwanzo, akalia kilio cha kuita watu, na tangu hapo hupanda kutoka kushoto tu. Mguu wa mbele huuweka kwenye kikanyagio cha abiria, wa pili kwenye kiti, kisha mwili wote huvuka mahali pangu na kutua juu ya tangi, ambako nimemtandikia gunia lililokunjwa kwa kuwa chuma cha tangi huwaka kwa jua la saa saba. Akishatua hujizungusha, huweka kidevu juu ya mita ya mwendo, na kwa pumzi moja ndefu huniarifu kwamba safari inaweza kuanza. Mwendo wenyewe siujui, maana mita iko chini ya kidevu. Kioo cha kulia nacho ni mali yake, kwa kuwa humo anaishi mbwa mwingine ambaye lazima achungwe muda wote, hivyo kila nikikitupia jicho kuangalia kama nyuma kuna basi, naona pua.

Madaktari wa mifugo wanatufundisha kwamba mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, isipokuwa kidogo kwenye nyayo, na kwamba joto lake hulipunguza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Hiyo ni elimu nzuri kwa mtu aliyeketi darasani. Mtu aliyeketi nyuma ya ulimi huo, pikipiki ikienda kasi dhidi ya upepo, hujifunza sehemu ya somo ambayo madaktari waliiruka, kwamba mate yote yaliyotoka mbele yana mpokeaji wake. Kofia yangu ina kioo cha kukinga uso, lakini waliokitengeneza hawakukiwekea kifuta maji kama cha gari, na kwa hiyo hufika kazini, katika ghala la mahindi ambako mimi ni karani, nikiwa nimeona nusu tu ya njia.

Kujaza mafuta ni shughuli ya peke yake. Petroli ina bei yake, nami ni mtu wa kununua lita moja moja, maana yake ni kwamba tunasimama kituoni mara kwa mara, na kila tukisimama lazima bwana mkubwa ashuke, gunia liondolewe, ndipo kifuniko cha tangi kionekane. Yeye kila kituo hukichukua kuwa ndio mwisho wa safari. Hukagua magurudumu ya magari ya watu na kuyatia alama yake, kisha huenda kulala kivulini, na mimi nabaki nimeshika gunia mkononi nikiombwa na foleni nzima nisogee. Wahudumu wa pampu wanamjua kwa jina. Mimi huniuliza, "Leo bosi wako anaelekea wapi?"

Nyumbani pia suala la nani akae wapi halijaisha. Jumapili moja tukiwa njiani kwenda kanisani, mke wangu, aliyekuwa amekaa ubavu nyuma yangu katika gomesi, vazi lake la heshima la rangi ya maziwa, aliniinamia sikioni akasema kwa upole uliozidi kiasi, "Baba watoto, naomba kuuliza. Huyu aliye mbele na mimi niliye nyuma, ni yupi uliyemtolea mahari?" Nilimweleza kwamba mbwa hana mikono ya kushikilia na kwa hiyo hawezi kukaa nyuma, jambo ambalo ni la kweli, na ambalo halikusaidia chochote. Upepo ulikuwa ukiyachukua manyoya mekundu kutoka mbele, ukayapitisha kwenye mabega yangu na kuyapanga vizuri juu ya gomesi, hata tulipofika, mama mmoja wa umoja wa akina mama aliushika mkono wa nguo hiyo akaulizia imenunuliwa duka gani, akidhani ni kitambaa kipya kutoka Kampala.

Kuna na Haji, jirani yetu, mtu ninayemheshimu sana. Katika madhehebu yake ya Shafii, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo akituona tunakuja huikunja kanzu kidogo, hurudi nyuma, na kunijulia hali kwa sauti kutoka huko aliko. Sina neno naye, na yeye hana neno nami. Mwenye neno ni Watasema, ambaye kati ya watu wote wa mtaa, wakiwemo wale wanaomtupia mifupa, amemchagua Haji kuwa rafiki wa roho. Akiiona kanzu tu, mkia huanza kunipiga kifuani, na mimi hulazimika kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umemkumbatia, Haji akinitia moyo kutoka mbali: "Mshike, bwana, mshike hivyo hivyo, Mungu akulipe!"

Askari mmoja wa barabarani, aliyevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, alitusimamisha akatuzunguka pande zote.

"Kofia ya abiria wako iko wapi?"

"Afande, huyu si abiria, ni mbwa."

"Kama si abiria, basi ni mzigo, na mzigo hufungwa nyuma. Lakini huyu nimemwona mwenyewe akitazama kushoto na kulia kabla hujakata kona."

"Basi labda ni utingo, afande."

Afande alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akaniuliza umri wake, nikamjibu miaka minne, akasema kwamba huo ni umri wa mtoto na mtoto hakai mbele. Mwishowe alichoka, au pengine alicheka moyoni, akapunga mkono na kusema kwa sauti ya kijeshi, "Nenda!" Mbwa wangu, mwanafunzi wa kambini, alisikia amri aliyoijua tangu utoto, akaruka chini, akaenda. Nilimkuta mbele sana, karibu na soko, akitembea katikati ya barabara kwa mwendo wa mtu mwenye ruhusa.

Mpakani ndiko ninakoona uchungu zaidi. Shangazi yangu anaishi Busia ya Kenya, mwendo wa kutema mate, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018 mtu hugongewa mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja. Mimi huvuka kwa kitambulisho changu. Kwa mbwa, ofisa mmoja alinieleza kwa ustaarabu kabisa kwamba panatakiwa cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo, pamoja na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilimwelewa, kwa sababu ugonjwa huo si wa mchezo, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, na kadi yake ya chanjo ninaitunza vizuri kuliko cheti changu cha ndoa. Nilirudi nyumbani kushughulikia cheti hicho. Watasema hakurudi. Wakati mimi ninaandika fomu, yeye alikuwa ameshapita chini ya kizuizi, akasalimiana na mbwa wa upande wa pili, akaenda kwenye bucha ya rafiki yake, na jioni shangazi akanipigia simu kuniuliza kwa nini nimemtuma mbwa peke yake kama yatima.

Hayo yote ningeyameza, kama si safari ya Majanji, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Mke wangu alitaka samaki wabichi wa ziwani, nasi tukashika barabara ya lami ipitayo Lumino, asubuhi nzuri yenye upepo mwanana, mbwa akiwa na furaha ya kuudhi. Wanawake wa mwaloni walikuwa wametandaza mukene juu ya nyavu, wale dagaa wadogo wa fedha, eneo kubwa linalong'aa kwa jua. Nilichoogopa ni kwamba angewala, kwa hiyo nilimwonya kwa Kiswahili fasaha: "Usile!" Naye hakula hata mmoja. Alikwenda taratibu hadi katikati ya wavu, akainamisha bega, akaanguka, akaanza kugaagaa mgongo chini miguu juu, akijipaka samaki shingoni, masikioni na nyuma ya mapaja kwa umakini wa bibi harusi anayejipaka mafuta ya nazi. Mwenye samaki alisimama ameshika kiuno. Hakunitukana. Alileta beseni, akalijaza mukene wote waliolaliwa, akataja bei ya beseni zima, na akaongeza juu yake bei ya wale waliobaki kwenye manyoya, kwa kukadiria.

Nilirudi Busia mbwa akiwa mbele na upepo ukiwa usoni. Wasomaji wanaojua mukene wa jua la saa sita hawahitaji maelezo zaidi. Malori yalitupita kwa kasi ya kututoroka, na tulipoingia mjini paka walitoka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mbele ya ghala ninakofanya kazi kuna steji ya boda boda, na Watasema, akichoka kunisubiri, hukaa pale kivulini. Vijana wakienda kula posho na maharagwe yeye hubaki na pikipiki zao, na siku moja alimzuia mtu aliyekuwa akigusagusa ufunguo usio wake, akamng'ang'ania suruali mpaka wenyewe wakarudi. Kwa hilo ninampongeza. Wiki iliyopita wakamfanyia kikao, wakamwingiza uanachama bila kiingilio, na kumshonea kizibao cha kung'aa chenye namba mgongoni. Mimi, ambaye mvua ikinyesha huzuiwa kuegesha pikipiki chini ya paa la steji hiyo kwa kuwa si mwanachama, nilimwendea mwenyekiti nikamwomba angalau kibali cha kuegesha, nikimkumbusha kwamba mlinzi wao hulala kwangu, hula kwangu, na huletwa kazini kila asubuhi kwa petroli yangu.

Mwenyekiti alinisikiliza, akaniambia niandike barua. Niliiandika. Aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni, na kunieleza kwamba maombi ya madereva wa wanachama hujadiliwa Ijumaa, lakini nisichelewe kumleta Watasema, kwa sababu bila yeye kikao hakitimizi idadi.