Chawa Wasio na Bosi

Jumamosi natoka kutupa taka, nakuta mti wa mwaloni wa mbele ya nyumba umevishwa sanda. Sisemi kautando ka buibui, nasema sanda! Kutoka chini ya shina mpaka matawini, nyeupe, imebana gome kama soksi mpya. Nakaa Houston, Marekani, mwaka wa 11 huu, lakini mimi mtoto wa Tanga. Kwetu ukikuta mti umefungwa kitambaa cheupe, unabadilisha njia.

Mama Salma kuchungulia dirishani, akaanza Ayatul Kursi hapo hapo. Alipomaliza: "Baba Salma, una deni la nani?"

Ninayo, ila ya benki. Benki hawarogi, wanakata tu.

Nikajikaza, nikatoboa utando kwa kidole. Ndani vidudu vya kahawia, vidogo kama ufuta, vikatimka vyote upande mmoja utadhani wamachinga wameona mgambo. Nikampigia bwana shamba wa kaunti. Akaniambia hao ni Archipsocus nomas, chawa wa magome. Mti hawaudhuru, mtu hawamuumi. Wanakula ukungu, mwani na magamba yaliyokufa. Utando ni paa lao tu, upepo na mvua vitauondoa, nisipoteze hela ya dawa.

Chawa! Mimi chawa ninaowajua ni wale wa nyumbani, wanaomshikia bosi simu na kucheka kabla utani haujaisha. Hawa wanakusafishia mti bure, hawakuombi hata vocha.

Sasa nenda kakieleweshe hilo chama cha wenye nyumba wa mtaani kwetu. Barua ikaja: mti wangu unaharibu mandhari, utando uondoke ndani ya siku 10 au faini. Nikajibu kwamba ni wadudu wema. Wakajibu kwamba wadudu hawakuomba kibali.

Basi nikapanda ngazi na mpira wa maji. Nikalowa mimi kuliko mti. Utando ukabaki viraka viraka, mwaloni ukawa kama jini aliyekimbiwa na mke.

Siku ya 9 ikashuka mvua ya Ghuba ya Mexico, ile ya kuja na upepo wake kabisa. Kulipokucha, gome safi, hakuna hata uzi. Nikatoa kiti barazani, nikamimina chai, nikasubiri barua ya pongezi.

Ikaja kweli. Ngazi yangu imeegemea mti siku 3, inaharibu mandhari. Dola 50.