Sindano haina dawa? Haya nisikizeni

Jana baada ya magharibi pale barazani Langoni jamaa mmoja kanicheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu, eti nimempeleka mama mpaka Malindi akachomwe sindano kavu, zile za Kichina, akupancha. "Haina dawa ndani, itatulizaje goti? Mumechezewa akili!" Na yeye kila mara mgongo umejaa alama za chuku, tuyaache.

Mimi nilikuwepo. Sindano nyembamba kama unywele, mama kauma ncha ya leso akingoja uchungu, haukuja, akasema tu mguu umekuwa mzito halafu kama sisimizi wanatembea ndani. Siku ya kurudi, pale gati la Mokowe, kashuka kwenye boti mwenyewe, mimi nimebeba viatu tu.

Sasa dawa ilikuwa wapi? Kwake mwenyewe. Mwili una afyuni yake, endofini. Mwaka 1977 watafiti Marekani waliwatia watu maumivu ya jino kwa umeme, wakawachoma sindano mkononi, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, maumivu yakapungua. Kisha wakawapa naloksoni, ile ile wanayodungwa vijana wetu wakizidisha unga ili wazinduke. Maumivu yakarudi! Naloksoni kazi yake ni kuziba milango ya afyuni, sasa kama hakukuwa na afyuni yoyote mwilini, iliziba nini?

Na palepale penye tundu kunatoka kitu chaitwa adenosini nayo inapoza, hiyo iliwahi kuonekana kwa panya 2010.

Haya, moja nawapa. Mwaka 2007 Wajerumani walijaribu kwa wagonjwa wa mgongo zaidi ya 1,100, waliochomwa mahali "sahihi" wakapata nafuu kama asilimia 48 yao, waliochomwa ovyo ovyo 44, waliotibiwa kawaida 27. Kwa hivyo ile picha ya ukutani, ya mishipa ya Kichina inayoonyesha pa kuchoma, mimi siiamini tena. Na hata dawa ya uongo, isiyo na kitu ndani, imeonekana kuamsha afyuni hiyo hiyo, sasa wewe unayesema ni akili tu, hiyo akili si ndiyo imefungua duka la dawa? Unacheka nini?

Ila anayebandika makaratasi ati sindano zinaponya sukari, huyo ni mwizi.

Wiki ya tatu hii, goti limeanza tena. Asubuhi mama kaniuliza nauli ya Malindi imepanda ama bado.