Muuguzi wa Kukodi, Uingereza na Kenya

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka minane katika hospitali ya kaunti huko pwani ya Kenya, na sasa huu ni mwaka wangu wa saba Uingereza. Huku na huko nimeona jambo moja: serikali ina watu inaowahitaji kila siku, lakini badala ya kuwaajiri inawakodi. Naandika kwa sababu ndugu zangu wengi nyumbani hudhani tatizo hili ni letu peke yetu.

Hapa, wodi ikipungukiwa na muuguzi, msimamizi wa zamu hutafuta kwanza katika orodha ya hospitali yenyewe, ambayo huitwa benki, yaani wauguzi waliojiandikisha kuchukua zamu za ziada. Asipopatikana mtu, hupigiwa simu wakala wa ajira, ambaye humleta muuguzi kwa gharama kubwa kuliko ya aliyeajiriwa na kukata fungu lake humo humo. Mwaka 2015 serikali iliweka kikomo cha malipo hayo, ila ikaziruhusu hospitali kukivuka pale usalama wa wagonjwa unapokuwa hatarini. Mwaka 2017 England ikaondoa ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi, wakati wodi tayari zilikuwa na mapengo, na katika mwaka wa fedha 2022/23 hospitali za umma za England zilitumia takriban pauni bilioni 3.5 kwa wafanyakazi wa mawakala.

Mimi mwenyewe, baada ya kupata kibali cha ukaazi wa kudumu, nilichukua zamu za wakala kwa miezi kadhaa, na usiku mmoja hauniishi moyoni. Nilipelekwa wodi ya wagonjwa wa kiharusi ambayo sikuwahi kuikanyaga. Sikuwa na namba ya kufungulia chumba cha dawa, kwa hiyo kila mgonjwa aliyehitaji kidonge alisubiri mpaka nimpate mwenyeji. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye nilimwekea chai mara mbili, na mara mbili nikaikuta imepoa bila kuguswa, nikaandika kwamba amekataa kunywa. Alfajiri aliingia muuguzi wa wodi ile, akakihamisha kikombe kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia, na mzee akanywa chai yote. Kiharusi kilikuwa kimemfanya asitambue chochote kilicho kushotoni kwake. Katika maelezo niliyokabidhiwa jioni jambo hilo halikuwemo, kwa kuwa wenyeji wa wodi walikwisha kulizoea, na mimi sikuwa mwenyeji.

Kenya mambo yamegeuka. Huko wa muda ndiye mwenyeji. Mwaka 2020 serikali iliwachukua wahudumu wa afya kwa mikataba ya miaka mitatu chini ya mpango wa afya kwa wote, mikataba ikaongezwa muda badala ya kugeuzwa kuwa ajira ya kudumu yenye pensheni, na mwaka 2025 wahudumu hao, ambao ni zaidi ya 7,000, walifika hadi ya kupiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai haki yao. Kabla ya hapo pia kaunti zilikuwa na watu wa mikataba. Katika wodi yetu ya wazazi alikuwepo dada mmoja wa namna hiyo, ambaye alijua ni mtungi upi wa oksijeni wenye geji mbovu na ni mama yupi wa kijiji gani aliyepoteza mtoto mwaka uliotangulia. Mwisho wa mwezi alikuwa akiniomba nauli ya matatu, kwa sababu mshahara wake ulichelewa kuliko wetu, nao ulikuwa mdogo kuliko wetu ingawa kazi ilikuwa ile ile.

Najua kaunti zina hoja yao. Kanuni za fedha za umma zinazitaka zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu, na nyingi zimekwisha kuvuka hapo. Ni hoja ya kweli, wala siidharau. Hata hivyo, muuguzi anayeondoka huondoka na miaka yake yote ya kuijua wodi, na Uingereza imeonyesha kwamba pengo la namna hiyo halibaki bure, bali hulipiwa baadaye kwa bei ya wakala. Tena Uingereza inaweza kulipa bei hiyo; kaunti za pwani kama Kilifi na Kwale haziwezi. Ndiyo maana nasema fedha za kwanza za afya zinazofika katika kaunti ziende kwenye ajira za kudumu, hata kabla ya majengo mapya ya kuzinduliwa kwa utepe.

Tangu Julai 2021 Kenya na Uingereza zina makubaliano yanayowaruhusu wauguzi wa Kenya wasio na ajira kuja kufanya kazi huku. Dada yule wa wodi ya wazazi aliniandikia mwezi uliopita. Mkataba wake umekwisha bila kuongezwa, amekwisha kufanya mtihani wa Kiingereza, na alitaka kujua kama hospitali za huku huwapa wageni nafasi katika wodi za wazazi.