Mawe ya Varagavank yasing'olewe kwenye nyumba za watu

Wiki nzima nimekuwa nikizitazama picha za Yukarı Bakraçlı, kijiji cha Wakurdi kwenye miteremko ya mlima Erek, karibu na mji wa Van, mashariki mwa Uturuki. Jina lake la zamani ni Yedi Kilise, yaani Makanisa Saba. Makanisa saba hayapo tena. Kuna nyumba na mifugo, na katikati yake mabaki ya Varagavank, monasteri ya Waarmenia iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 11 na mfalme Senekerim.

Picha moja hainitoki akilini. Ni ya khachkar, jiwe la msalaba, lililonakshiwa misuko myembamba kama ukili. Limo kwenye ukuta wa nyumba, limelazwa ubavu. Aliyelipanga pale alihitaji upana wake tu.

Wengi wakiona hivyo huwashukia wanakijiji. Mimi siwalaumu. Aprili 1915, Waarmenia wa Van walipozingirwa, jeshi la Osmani liliichoma moto Varagavank. Waumini wake waliuawa au wakakimbia, na waliokuja kuishi pale wakakuta kuta zisizo na mwenyewe. Ukumbi uliojengwa mbele ya kanisa mwaka 1648 wakaufanya zizi. Inauma, najua. Lakini Khtzkonk, monasteri nyingine ya Waarmenia isiyokaliwa na mtu, karibu na Digor mkoani Kars, palikuwa na makanisa matano juu ya korongo. Limebaki moja, la Mtakatifu Sargis, nalo kuta zake zimepasuka vibaya. Paa linalokinga mifugo lina mtu wa kuliziba likivuja.

Ninayoidai ni serikali. Kanisa la kisiwa cha Akdamar, katika Ziwa Van, lilikarabatiwa likafunguliwa 2007 kama makumbusho, na 2010 Waarmenia wakaruhusiwa kusali humo kwa mara ya kwanza tangu 1915. Ni jambo jema, nami nalipongeza kwa moyo wote. Varagavank, isiyohitaji hata boti kufikika, ilizidi kubomoka kwa tetemeko la Oktoba 2011.

Ukuta wa Kiarmenia una nyuso mbili za mawe ya kuchonga, na katikati yake kokoto zilizoshikwa na chokaa. Ukibandua jiwe la nje, maji ya theluji yanapenya ndani, yanaganda, yanatanuka, na kuyasukuma mawe jirani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia maji, na haihitaji mabilioni. Picha za ukutani zilizofifia ndani ya Varagavank haziwezi kungoja mradi mkubwa.

Mawe yaliyomo kwenye nyumba yaachwe hapo hapo. Sitaki kuona maofisa wakija na tindo kubomoa ukuta wa bibi wa watu eti wanaokoa urithi. Yapigwe picha, yaorodheshwe, na mwenye nyumba alipwe kila mwaka kwa kuyatunza.

Halafu pawekwe kibao, kwa Kituruki, Kikurdi na Kiarmenia, chenye neno "Waarmenia" waziwazi. Kiseme pia kwamba hapa, kwenye kijiji hiki cha mlimani, abate Mkrtich Khrimian alifungua shule na kuleta mtambo wa uchapaji, na mwaka 1858 akawa anachapa gazeti lake, Tai wa Vaspurakan (jina la zamani la eneo la Van). Watoto wanaochunga kondoo pale wana haki ya kuyasoma hayo.